Matumbo Saba ya Bwana Hoskini

Mkono wa Perpetua bado uko juu. Tangu gazeti la wiki iliyopita hajaushusha, maskini, na kwapa limeanza kumuuma.

Tupo mbele ya ghala la pamba, kijiji cha ujamaa cha Mkwajuni, upande wa Tindiga, Jumamosi asubuhi, mwaka wa sabini na tano. Watu wamekuja kuchagua mwenyekiti wa kijiji. Mzee Stefano Mkwidu, aliyekalia kiti hicho tangu kijiji kianzishwe, goti limemchakaa na sasa anakiacha. Anataka kikaliwe na mwanawe Nikolaus. Perpetua Kasanga kanyoosha mkono kusema na yeye anagombea. Ndipo mzee akamwelekezea mkongojo na kutamka yale maneno:

"Huyu si mtu wa hapa!"

Aliyekuwa anamenya muwa akauacha mdomoni.

"Si mtu wa hapa kivipi, mjomba?" Perpetua akauliza.

"Hapa mimi ni mwenyekiti, si mjomba wako."

"Basi shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Si mtu wa hapa kivipi?"

"Marahaba. Wewe jina lako Kasanga. Kasanga ni jina la Tabora. Baba yako aliletwa na reli, akapiga nyundo yake, akafa. Kijiji hiki ni cha kina Mkwidu."

Na kwa hilo mzee hakusema uongo. Mwenyekiti, Mkwidu. Katibu, Donati Mkwidu, mdogo wake. Duka la kijiji linaendeshwa na Mathias Mkwidu, mdogo wake mwingine, ambaye hakupimii sukari mpaka umwulizie hali ya mbuzi wake, mmoja mmoja. Balozi wa nyumba kumi za mtoni, Mkwidu. Balozi wa nyumba kumi za barabarani, Mkwidu. Hata filimbi ya kuitia mkutano inapulizwa na Mkwidu, tena mwenye pumu.

Perpetua hakukitamani kiti kwa ajili ya kukikalia. Alikitaka kwa ajili ya shamba. Ekari kumi na mbili za mpunga kando ya mto Mkondoa, ambazo wanawake arobaini wa Mkwajuni walizifyeka kutoka kwenye matete kwa miaka mitatu, wamefunga khanga magotini, ruba wakiwanyonya vifundo vya miguu. Mwaka huu ndio kwanza mpunga umejaa. Na mwaka huu ndio Nikolaus amejigamba vilabuni kwamba siku akipata kiti, shamba lile litakuwa shamba la mbegu, na msimamizi wake atakuwa Nikolaus. Wanawake watapewa jingine kule juu, kwenye mawe.

Sasa mmeelewa kwa nini mkono hauteremki.

Bwana Msimamizi wa uchaguzi, aliyetumwa kutoka Kilosa na kalamu tatu mfukoni, akafunua kitabu chake.

"Sheria haiulizi jina," akasema. "Inauliza kama mtu ni mkazi."

"Sheria haijatembea," mzee Stefano akamjibu. "Mimi leo nimeleta aliyetembea. Nikolaus! Mlete mgeni!"

Mlango wa Landrova ukafunguliwa, na ikateremka miguu mirefu kama ya korongo.

Huyo ndiye Bwana Hoskini, Mmarekani, mtaalamu wa mbegu anayekaa Kilangali. Jana yake alikuwa Mikumi kutazama wanyama. Tembo mmoja alisimama mbele ya gari lake kwa muda wa saa mbili nzima, Hoskini akimpiga picha, na tembo alipochoka kupigwa picha akageuka, akajisaidia juu ya boneti, akaenda zake. Boneti lilikuwa halijaoshwa vizuri.

"Shikamooni nyote!" Hoskini akasema, na akawaamkia hivyo hivyo wazee, vijana na wachanga waliobebwa migongoni.

Watu wakacheka mpaka mama mmoja akashikwa na kwikwi. Lakini walimpenda. Mtu anayekosea kwa adabu anapendeka.

"Bwana Hoskini," Stefano akaanza kwa sauti nzito, "waambie hawa. Kwenu Marekani, baba yako ana kazi gani?"

"Baba yangu ni seneta wa jimbo."

"Jina lake?"

"Hoskini."

"Na babu yako?"

"Alikuwa jaji. Jaji Hoskini." Mgeni akatoa picha kwenye pochi yake. Watu sita, wameshika picha ya kuchorwa ya wa saba, wamesimama kwenye ngazi za jumba lenye nguzo nene, kila mmoja kifua mbele kama jogoo aliyetoka kushinda. "Huyu aliyechorwa ni babu wa babu, alikuwa gavana. Huyu babu, jaji. Huyu baba. Huyu baba mdogo, ni meya. Huyu binamu, mkuu wa polisi, kwetu naye anapigiwa kura. Huyu shangazi, anaangalia shule zote za wilaya. Na huyu kaka yangu, diwani."

"Wote Hoskini?"

"Wote Hoskini."

Picha ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeishika alikaza macho, akatikisa kichwa, akampa mwenzake.

"Na wewe mbona umekuja kulima?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Hoskini akajikuna shingo. "Viti vilikwisha."

Kicheko kingine. Stefano akainua mkongojo kuzima kelele.

"Mmesikia? Taifa linalopeleka watu mwezini, jina moja linashika kila ofisi, na mambo yanakwenda! Sisi Mkwajuni ni nani tukatae? Leo jina la Mkwidu likitoka kitini, likaingia la Kasanga, kesho tutaingiza la nani? La tembo wa Mikumi?"

Wasomaji, nawaambia ukweli, pale Perpetua alikuwa amekwisha. Watu walianza kuitikia kwa vichwa. Kina mama wa shamba wakatazamana. Mkono wa Perpetua ukashuka mpaka begani.

Hapo ndipo akainuka Mzee Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa mlinzi wa geti la reli kule Kilosa mpaka alipostaafu, na ukoo wake na ukoo wa Stefano ni watani tangu zama za mababu. Mtani hakasirikiwi. Mtani akikutukana mbele ya wakwe zako, wewe unacheka na kumpisha akae. Mwinshehe aliijua haki yake hiyo na aliitumia kila siku, mara tatu, kama dawa ya hospitali.

"Stefano," akasema, "funga mdomo kidogo, nzi wanadhani ni choo cha shule."

"Kaa chini wewe mla panya!"

"Nitakaa siku ya kuzikwa kwako, juu ya jeneza, na sitoki mpaka nipewe jogoo. Lete hiyo picha." Akaishika mbali na uso, macho yakiwa yameshachoka. "Bwana Hoskini, hujambo mwanangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umepatia. Sasa niambie, huyu babu wa babu yako, gavana. Mama yake alikuwa nani?"

Mgeni akafikiri. "Mama yake... alikuwa wa kina Mila. Wenye kinu cha ngano."

"Mila. Huyu babu yako jaji je? Mama yake?"

"Ah, huyo alitoka Ujerumani. Wa kina Brandi."

"Na baba yako?"

"Mama yake ni wa kina Obraini."

Mwinshehe alikuwa anakunja vidole. Na mkutano mzima, niamini, nao ulikuwa unakunja vidole. Maana huku kwetu, wewe unayesoma gazeti hili Dar es Salaam huenda hujui, mtu hahesabiwi kwa baba. Anahesabiwa kwa tumbo lililomzaa. Jina la baba ni la kuandikisha shuleni na kwenye kadi ya chama. Mtu mzima akitaka kujua wewe ni nani, anauliza mama yako katoka tumbo la nani.

"Meya?"

"Meya na baba yangu hawachangii mama. Huyo mama yake ni wa kina Luwisi."

"Mkuu wa polisi?"

"Wa kina Daglasi."

"Shangazi?"

Hoskini akawa mwekundu. "Babu alioa mara tatu. Huyo ni wa mke wa tatu, kina Peni."

"Kaka yako diwani, bila shaka nyie ni mama mmoja?"

"Mama mmoja. Wa kina Haring'toni."

Mwinshehe akainua vidole saba juu, akavizungusha ili kila mtu avione.

"Watu wa Mkwajuni! Hapa kuna ukoo mmoja?"

"Hakunaaa!"

"Matumbo mangapi?"

"Sabaaa!"

"Basi huyu mzee ametudanganya. Marekani kiti hakikai kwenye ukoo hata siku moja. Kinatoka kwa kina Mila kinakwenda kwa kina Brandi, kinatoka kwa kina Brandi kinakwenda kwa Obraini. Wanazungushiana kama zamu ya kuchota maji! Jina ni koti tu, wanaazimana."

"Hapana, hapana," Hoskini akasema, "sisi ni familia moja..."

"Tulia mwanangu. Wewe hujijui," Mwinshehe akamwambia kwa upole kabisa. "Wewe ni wa kina Haring'toni."

Na watu wote wakamwonea huruma Bwana Hoskini, aliyefika umri ule bila mtu wa kumweleza.

Lakini kuna watu wawili ambao hawakucheka. Donati na Mathias, wale wadogo zake Stefano, walikuwa wameinamiana na kunong'ona. Donati akasimama, uso umekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Kaka," akasema, "swali dogo. Sisi ni tumbo la Bibi Mwanvua. Wewe, mimi, Mathias, na dada Costancia."

"Ndiyo. Na sasa?"

"Nikolaus ni tumbo la nani?"

Nikolaus ni mtoto wa Domina, mkewe Stefano, na Domina ametoka Kilangali, tumbo la watu wengine kabisa.

"Kumbe kaka umekaa miaka yote hii unataka kututolea kiti nyumbani uwape wakwe zako!" Mathias akadakia. "Na huyu unayemwita mtu wa Tabora ni mtoto wa dada yetu! Tumbo la mama yetu mwenyewe! Kasanga Kasanga kitu gani? Perpetua, mjukuu wangu... mpwa wangu, shusha mkono, kiti ni chako!"

Sukari tamu hiyo! Dakika kumi zilizopita Perpetua alikuwa mgeni wa reli, sasa ni mrithi. Kina Mkwidu wote wa mama mmoja wakaanza kupiga makofi. Mwenye pumu akapuliza filimbi.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungeshukuru, ungekaa. Perpetua hakukaa.

"Ahsante mjomba Mathias," akasema. "Lakini miaka miwili nimepita nyumba kwa nyumba nikisema kijiji si cha tumbo la mtu. Leo nikichukue kwa sababu ya tumbo la bibi? Chifu tulimfuta tukafurahi, tukacheza ngoma mpaka Kilosa. Sitaki kuwa chifu wa khanga."

"We mtoto, usitupe bahati!" Mathias akabweka.

"Anayesimama nyuma yangu asimame kwa ajili ya shamba la akina mama. Nikipata kiti, shamba halitoki. Basi. Anayekuja kwa sababu ya Bibi Mwanvua, abaki na Bibi Mwanvua."

"Mdomo huo!" Mathias akasema, akarudi kukaa. Na wengine wakarudi naye.

Mwinshehe akatikisa kichwa. "Nimekutengenezea uji, mwanangu, umeumwaga. Haya, mimi nakuja kwa ajili ya shamba, maana wali wa pale naupenda."

Msimamizi hakungoja maneno zaidi. Akachora mistari miwili ardhini kwa fimbo. Anayemtaka Nikolaus asimame kushoto, anayemtaka Perpetua asimame kulia, mtu nyuma ya mtu, hakuna kusukumana.

Vumbi likatimka. Mume akaenda kushoto, mke kulia. Mtu na shemeji yake wakavutana mashati. Donati akasimama katikati kwa muda mrefu, akamtazama kaka yake, akamtazama mpwa wake, akaenda kulia huku akikwepa macho. Mathias akaenda kushoto kwa hasira tu. Mzee Stefano akajikongoja, akasimama nyuma ya mwanawe.

Msimamizi akapita akigusa kila bega kwa kalamu. Akahesabu mara moja. Akahesabu tena kwa kalamu nyingine.

"Kushoto tisini na watatu," akatangaza. "Kulia tisini na watatu."

Sare!

"Kuna ambaye hajasimama?"

Macho yote yakageuka kwenye kigoda kimoja kilichobaki na mtu. Domina. Mke wa Stefano, mama wa Nikolaus. Na huyo huyo Domina ndiye mkubwa wa shamba la akina mama, aliyeingia matete siku ya kwanza kabla ya wengine wote, na jaruba lake ndilo la kwanza kutoka mtoni.

"Mama Nikolaus," Stefano akaita, "njoo huku."

Domina hakusogea.

"Mama," Nikolaus akaita, "watu wanangoja."

Domina akajifunga khanga upya kiunoni, polepole, kama mtu anayekwenda kuchota maji mbali.

Nikolaus akaona jambo linamponyoka. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akaikunjua mbele ya watu.

"Mama, unahangaika na nini? Shamba ulikwishalitoa mwenyewe! Hii hapa. Dole lako hili. Imebaki muhuri wa mwenyekiti tu."

Watu wakaguna. Msimamizi akaichukua karatasi, akaisoma kwa macho, akaichunguza mgongoni, akamrudishia Nikolaus.

"Ni kweli," Msimamizi akasema. "Inangoja muhuri. Atakayeshinda leo ndiye atakayegonga, au atakayeichana."

Hoskini alikuwa amesimama wima. "Mimi niliambiwa akina mama wote wamekubali," akasema. "Wote arobaini."

"Mama Domina?" Perpetua akaita. "Uliweka dole?"

Domina akatazama dole gumba lake, kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Niliweka dole Jumanne iliyopita," akasema. "Nikolaus aliniletea karatasi jioni nikiwa jikoni, mikono ina unga. Akaniambia ni orodha ya sukari ya dukani kwa baba mdogo, weka hapa usije ukakosa. Nikaweka. Na unga wangu bado unaonekana pale, tazameni."

Kweli. Pembeni ya dole palikuwa na ukungu mweupe.

"Mwana haramu!" mtu akafoka kutoka mstari wa kulia, na wawili wa mstari wa kushoto wakavuka kimya kimya, na Msimamizi akawarudisha kwa fimbo kwa kuwa hesabu ilikwisha kufungwa.

"Nipe hiyo karatasi," Domina akasema.

"Utaifanyia nini, mama? Hujui kusoma."

"Nipe."

Nikolaus akacheka kidogo, akimtazama baba yake. Hakujua. Miezi minne mama yake alikuwa anaingia darasa la kisomo hapo hapo ndani ya ghala la pamba, anakaa nyuma ya marobota, na nyumbani anaaga kuwa anakwenda kuokota kuni. Domina akaipokea karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Si-si. Sisi. Wa-na-wa-ke. Sisi wanawake. Wa sha-mba."

Mzee Stefano akashika mkongojo kwa mikono miwili. Domina akasoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, anapapasa, anakanyaga, anapapasa. Alisoma ekari. Alisoma Nikolaus Mkwidu, msimamizi. Alisoma jina lake mwenyewe na chini yake dole lenye unga. Perpetua alianza kuvuta pumzi. Dole la kudanganywa si dole, kila mtu aliliona hilo.

Lakini kidole cha Domina kilikuwa hakijafika mwisho.

"Sha-hi-di," akasoma. Akarudia kwa macho bila sauti. Kisha akainua uso, akamtazama mwanamke wa pili katika mstari wa kulia, aliyesimama nyuma tu ya mgongo wa Perpetua.

"Kos-tan-si-a."

Costancia. Dada yake Stefano. Mama mzazi wa Perpetua. Chini ya jina hakukuwa na dole. Kulikuwa na saini ya mkono, yenye mkia mrefu, aliyofundishwa na mumewe marehemu fundi wa reli.

Perpetua akageuka taratibu.

"Mama? Na wewe walikuambia ni sukari?"

Costancia hakutazama chini. Alikuwa mama wa watu, mrefu, mkavu, asiyejua kulia mbele ya watu.

"Hapana," akasema. "Niliisoma yote. Kaka yangu alikuja nyumbani akaniomba. Sijapata kumnyima kaka yangu kitu tangu tunazaliwa."

"Na leo umesimama nyuma yangu?"

"Leo wewe ndiye uliyeomba."

Mstari wa kulia ukayumba. Msimamizi akafunika kalamu zake zote tatu.

Domina akaikunja karatasi mara mbili, akaishika kifuani, akatembea mpaka katikati ya mistari miwili. Hakumtazama mwanawe. Hakumtazama mumewe. Akasimama hatua moja mbele ya Perpetua.

"Mwanangu alinidanganya," akasema. "Mama yako hakudanganywa na mtu. Sasa wewe niambie mwenyewe, mwanangu: nisimame nyuma ya nani?"